Milima ya bara mwezi wa nane: jinsi ya kuchagua unapokwenda na familia nzima

Likizo kubwa ya skuli za Uingereza huanza mwishoni mwa Julai na kumalizika mwanzoni mwa Septemba. Kwa nyumba yetu ya Kikwajuni, hapa Unguja, huo ndio msimu wa kutandika magodoro ukumbini. Dada yangu huja na wanawe, mama hutoka Wete kule Pemba, na watoto wakishashiba fukwe za Nungwi na Paje huanza kuuliza kuhusu milima. Kupanga safari hiyo ni kazi yangu, kwa kuwa nilisoma na kufanya kazi Morogoro miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Majirani nao siku hizi huja kuniuliza, hivyo nimeona niyaandike yote pamoja.

Wengi wakitaja mlima wanamaanisha Kilimanjaro, kisha wanatafuta pesa. Mimi huanza na watu. Nakaa na daftari, naandika majina ya wanaokwenda, na mbele ya kila jina naandika lile asiloliweza. Mama: magoti. Mtoto wa mwisho wa dada: ana miaka sita, hatembei zaidi ya saa mbili bila kubebwa. Mpwa wetu mmoja: ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Vijana wawili: hakuna wasichokiweza, na wanataka kila mtu ajue hivyo. Mlima unaomfaa aliye dhaifu kuliko wote ndio ninaouchagua, na vijana nawatafutia njia ngumu hukohuko. Ukienda kinyume, siku nzima bibi atakaa kwenye gari akiwasubiri wengine, na safari ya namna hiyo mimi siitaki.

Hilo la sikoseli nalisema wazi kwa sababu familia nyingi za pwani zinalo na halizungumzwi. Juu mlimani oksijeni hupungua, na kwa mwenye sikoseli upungufu huo unaweza kuleta maumivu makali au hatari kubwa zaidi. Kabla hujalipia chochote, nenda naye kliniki yake na umwambie daktari urefu wa mahali kwa mita. Usimwambie "tunakwenda mlimani" tu. Mita 300 na mita 2,700 ni vitu viwili tofauti, na zote huitwa mlima. Hata kwa mtu mzima wa afya, kuanzia kama mita 2,500 kichwa kinaweza kuuma na tumbo kuchafuka. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Baridi nayo ina hesabu yake. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa wastani wa digrii 6 hivi. Kipupwe hapa mjini tunaona nyuzi 25 ni baridi ya kuvalia sweta. Toa 16 kwa kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro, kwenye mita 2,720, ubakiwe na 9, na hiyo ni mchana. Usiku ni mambo mengine. Majaketi huna haja ya kununua mapya: mitumba ya Darajani ina kila kitu, tena koti la mtu aliyeishi kwenye theluji kweli. Chukua na soksi nzito. Kofia ya sufi ni muhimu kuliko glovu.

Sasa tuangalie mwezi. Agosti na Septemba, kipupwe kinapokwisha na demani kuingia, sehemu kubwa ya Tanzania bara ni kavu, na ukavu huo ni mzuri kwa njia za msituni. Lakini hauzifai hifadhi zote. Kitulo, kule kati ya Mbeya na Njombe, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005 na watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Maua hayo hutoka na mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Ukienda Agosti utakuta nyasi na baridi kali ya uwanda ulio juu ya mita 2,500. Kwa hiyo Kitulo naiondoa mara moja. Ningependa sana mtu aende huko Januari.

Mahale, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, kinyume chake iko katika msimu wake hasa. Sokwe huonekana vizuri kiangazi, na kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Shida yake ni njia. Hakuna barabara ndani ya hifadhi, unaingia kwa boti ya ziwani au ndege ndogo, na kufika Kigoma kwenyewe ni safari. Familia yenye bibi na mtoto wa miaka sita isihangaike. Bwana na bibi harusi wenye akiba, waende.

Zinabaki tatu: Kilimanjaro, Arusha na Udzungwa.

Kilimanjaro sitaisema kwa urefu, ingawa kwenyewe ni mita 5,895. Kufika kileleni ni siku tano au sita za kupanda na kushuka kwa njia ya Marangu, huruhusiwi kwenda bila mwongozaji mwenye leseni, na gharama zake ni za mtu aliyepanga mwaka mzima. Kuna kitu ambacho wengi wetu hawakijui, nacho ni kwamba unaweza kwenda kutwa. Unaingia geti la Marangu, unatembea msituni kama kilomita 8 mpaka mabanda ya Mandara kwenye mita 2,720, unasogea kidogo hadi kreta ya Maundi, halafu unarudi kabla ya magharibi. Ni siku nzuri kwa vijana wenye pumzi. Kwa mama haiwezekani, na mwenye sikoseli asijaribu. Halafu wageni wetu huumizwa na jambo moja: mwezi wa nane Moshi hufunikwa na mawingu, na mtu anaweza kukaa siku mbili chini ya mlima bila kuuona. Uangalie alfajiri, au jua likikaribia kuzama. Septemba mbingu hufunguka zaidi.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ndiyo ninayoipendekeza kwa familia yenye watu wa kila umri, na naipendekeza kwa moyo wote. Iko kati ya Arusha na Moshi; unakata kona Usa River na baada ya muda mfupi umefika. Ndani yake mna Mlima Meru, wa pili kwa urefu Tanzania, mita 4,566, ambao ubavu wake wa mashariki ulibomoka zamani za kale ukabaki mfano wa kiatu cha farasi. Uzuri wake kwetu ni kwamba mtu asiyeweza kutembea anauona mlima, ziwa na wanyama bila kushuka garini. Tulipokwenda, mama alipelekwa kwa gari mpaka ukingo wa kreta ya Ngurdoto. Kule chini haruhusiwi mtu kuteremka, wanabaki nyati na ndege, na unawaangalia kutoka juu. Baadaye tukazunguka maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake kwa sababu ya viumbe vidogo vya kijani vinavyoota ndani. Heroe huja kwa wingi unaobadilika, siku nyingine ufuo mzima wa waridi, siku nyingine wachache. Twiga ni wengi. Mbega weusi wenye mikia meupe wako juu ya miti ya msitu, na watoto waliokwisha kuwaona kima punju wa msitu wa Jozani hapa Unguja walianza mara moja kubishana nani mzuri zaidi.

Wakati huohuo vijana walitembea kwa miguu na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Bunduki ni kwa ajili ya nyati na tembo, nalo ni sharti, kwa hiyo usione hofu wala usibishane. Walikwenda mpaka maporomoko ya Tululusia wakarudi na viatu vimejaa matope, wameridhika. Mwenye nguvu zaidi anaweza kupanda Meru wenyewe kwa siku tatu au nne, akilala mabanda ya Miriakamba kwenye mita 2,514 na Saddle kwenye 3,570. Ni mlima mgumu, usidharauliwe kwa kuwa jirani yake ni mrefu. Eneo la Momella liko kama mita 1,500, kwa hiyo mpwa wetu alikwenda baada ya daktari wake kukubali, akakaa na bibi yake kwenye gari, na kila kitu alikiona.

Udzungwa ndiyo kipenzi changu, na nisingeitendea haki kwa maneno machache. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na ndani hakuna barabara ya gari. Unatembea au huingii. Safu hii ya milima ni ya kale mno, na msitu wake hulishwa na unyevu wa upepo wa bahari yetu, ndiyo maana una viumbe visivyopatikana kwingine. Mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye utosi mwekundu, ni ndugu wa karibu wa kima punju wetu. Mtoto wa Unguja akimwona anamtambua kwa mruko wake kabla ya kumwona uso. Makao makuu yako Mang'ula, ambako ni mita 300 tu juu ya bahari, kwa hiyo hewa haina tatizo kwa mtu yeyote. Tatizo ni mteremko.

Njia wanayoiendea wengi ni ya maporomoko ya Sanje. Maji huanguka kwa hatua tatu, jumla mita 170, na mzunguko wake huchukua saa nne kwa mwendo wa kawaida. Mwezi wa nane maji ni machache kuliko masika lakini hayakauki, na mawe hayatelezi sana. Pale kwenye bwawa watu huoga, maji baridi ya kukata pumzi. Akina mama wenzangu, buibui liacheni chumbani. Njia ina mizizi na ngazi za magogo, na pindo refu litakuangusha. Vaa suruali pana na kanzu ya magotini, mtandio uufunge nyuma. Kwa mtoto wa miaka sita ipo njia fupi ya poromoko la Prince Bernhard karibu na ofisi. Kwa vijana kuna kilele cha Mwanihana, zaidi ya mita 2,100, siku tatu na mahema.

Kuna jambo la Udzungwa ambalo Mzanzibari lazima alijue. Visiwani malaria imeshuka sana, na watoto wetu, achilia mbali wa Uingereza, hawana kinga ya kuizoea. Bonde la Kilombero chini ya milima hiyo lina malaria. Wageni wanywe dawa za kinga walizoandikiwa na daktari kabla ya kuja, kila mtu alale ndani ya chandarua, na mikono mirefu ivaliwe tangu magharibi. Mkirudi, mtu akishikwa na homa hata baada ya wiki mbili, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo na aseme ametoka Kilombero.

Njia ya kufika nayo isaidie kuamua. Kwa Udzungwa, basi la Ifakara kutoka Dar hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ukatazama tembo na swala kupitia dirishani bila kulipa senti, halafu linakata kushoto Mikumi mjini na kupita mashamba ya miwa ya Kidatu. Treni ya TAZARA nayo husimama Mang'ula, ila ratiba uihakikishe stesheni. Arusha ni mbali zaidi kwa basi, siku nzima, na kwa mama tulikata tiketi ya ndege. Mabasi ya bara huondokea Mbezi, mbali na bandari, na foleni ya Dar haina huruma. Ukishuka boti ya asubuhi usidhani utawahi basi la alfajiri. Lala Dar usiku mmoja.

Pesa: kiingilio cha Mtanzania huhesabiwa kwa shilingi na cha mgeni kwa dola, na tofauti ni kubwa. Mtoto wa dada mwenye pasi ya Uingereza anahesabiwa mgeni, hata kama anazungumza Kipemba kuliko wewe. Kwa wageni, kati ya hizi tatu Kilimanjaro ndiyo ghali zaidi, Arusha iko katikati, Udzungwa ni nafuu. Kwa familia yenye pasi za nje tano au sita, hilo peke yake linaweza kukata shauri. Beba vitambulisho vya wote, na ujue kwamba getini malipo ni ya kadi au namba ya malipo.

Chakula cha halali Arusha na Moshi kipo tele. Marangu na Mang'ula uliza kwanza, au ubebe tambi, dagaa na mkate wa kumimina wa siku mbili. Thamosi ya maji moto usiisahau. Udhu wa alfajiri kwenye baridi ya Meru ni mtihani kwa mtoto.

Kwa hiyo: mwenye wazee, Arusha. Mwenye watoto wa miaka kumi na zaidi wanaopenda maji na msitu, Udzungwa. Vijana watupu wenye siku moja Moshi, Mandara.

Mabanda ya Meru na Kilimanjaro yawekewe nafasi mapema, kwani Agosti ndio msimu wa watalii wote. Na urudi Unguja siku mbili tatu kabla ya ndege ya wageni. Upepo wa kusi bado una nguvu mwezi wa nane, na boti zikizuiwa kutoka, hakuna atakayekuvusha.