Risasi Ndani ya Karai: Mambo ya Bunduki kwa Mtu wa Mombasa Aliye Ughaibuni

Mwaka juzi mpwa wangu alikuja Mombasa kutoka Houston, wiki moja kabla ya Idi. Siku ya pili nyanya yake alizikusanya nguo zake akazitia kwenye karai pale uani Tudor, kwa kuwa mashine ya kufulia hataki hata kuisikia. Alipoiinua suruali ya jinzi kuikamua, kitu kikagonga chini ya karai, ting. Akatia mkono kwenye povu akakitoa: kidude cha rangi ya shaba, kirefu kuliko kokwa ya tende, kinang'aa. Akakiweka kiganjani akaniita.

"Mjomba, ni risasi tu," kijana akasema. "Niliisahau mfukoni. Tulikwenda uwanja wa shabaha na baba."

"Tu?" nyanya yake akauliza, akanyamaza.

Kijana hakuwa na nia mbaya. Kule alikozaliwa, risasi huuzwa duka moja na viatu vya michezo na nyuzi za kuvulia samaki. Lakini kwa Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, kosa si kuwa na bunduki peke yake. Risasi moja bila cheti nayo ni kosa, na mtu hufungwa. Nikampigia wakili tunayefahamiana naye. Akasema: msiitupe baharini, msimpe mtu yeyote awashikie, na kijana asiende kituoni peke yake. Akaja, tukaenda naye polisi, maelezo yakaandikwa, risasi ikapokelewa. Tulirudi nyumbani saa mbili usiku tumechoka kama watu waliotoka kuzika. Njiani wakili akaniambia kwamba kama ingeonekana kwenye mashine ya uwanja wa ndege siku ya kuondoka, kijana akiwa hajamwambia mtu, mambo yangekuwa mengine.

Tangu hapo ndugu zangu walioko nje huniuliza maswali ya bunduki kila mara, na nimeona wengi wanajua sheria ya upande mmoja tu. Sheria ya bunduki haisafiri na pasipoti yako. Inakaa kwenye ardhi unayoikanyaga. Haki uliyoizoea Texas ni jela Mombasa, na wewe uliyekulia Mombasa ukiamini bunduki ni kitu cha askari peke yake, unaweza kumpeleka mtoto wako Ohio kwenye nyumba yenye bastola chini ya mto, na usiulize.

Sanduku na kontena

Geuza kila mfuko kabla ya kufunga sanduku. Begi ulilowahi kulipeleka kwenye shabaha au kuwinda usilisafirie kabisa, tafuta jingine, maana risasi hujificha kwenye pindo na chini ya kitambaa cha ndani. Ganda tupu lililofanywa kishikio cha funguo, liache. Bastola ya kuchezea inayofanana na ya kweli, iache pia.

Wanaotuma makontena kupitia Kilindini wasikilize zaidi. Mzigo hupigwa picha kwa mashine, na jina lililo kwenye hati ni la mtu mmoja. Rafiki akikwambia "nitilie sanduku langu humo, ni vyombo tu", lifungue mbele yake, kitu kwa kitu. Akikasirika, na akasirike.

Wapo wanaosema: bunduki yangu ni halali, nimeilipia, ina karatasi zake, kwa nini nisije nayo? Kwa sababu Kenya inataka kibali cha kuingiza silaha, na karatasi za Marekani si kibali. Marekani nayo ina masharti ya kutoa silaha nje ya nchi, na mahali unapobadilisha ndege pana sheria zake. Kusema unakuja kuwinda hakukusaidii, maana Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977.

Ukiwa Marekani

Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yanayotaja haki ya kuwa na silaha, ni ya mwaka 1791. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni haki ya mtu binafsi kuweka bunduki nyumbani kwa kujilinda, na mwaka 2022 ikasema haki hiyo inatoka naye hadi nje ya nyumba. Watu wetu husikia hayo wakadhani ni ruhusa ya kila aliyeko. Siyo.

Ukiwa na visa ya mwanafunzi, ya matembezi au ya kazi ya muda, sheria ya serikali kuu inakukataza kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa vipengele vichache kama leseni halali ya kuwinda, na hilo ulizungumze na mwanasheria kwanza. Kijana wa chuo anaalikwa na wenzake Jumamosi kwenda kulenga shabaha, anashikishwa bunduki, anapigwa picha, picha inawekwa mtandaoni. Kwa wenzake ni matembezi. Kwa yeye ni ushahidi. Mwambie aende akawapige picha wao.

Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu, kisha kila jimbo lina masharti yake. Lakini hukumu ya kosa la bunduki ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama umekaa miaka ishirini na watoto wako ni raia. Anayevuta bangi naye asimiliki, hata akiwa jimbo lililoihalalisha, maana sheria ya serikali kuu bado inamkataza. Ukinunua bunduki dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya serikali kuu ya mnunuzi, na humo unaulizwa uraia. Ukiweka alama kwenye "raia" na wewe si raia, umemdanganya serikali, na uongo huo wa uraia unaweza kukufungia mlango wa makaratasi ya ukaazi maisha yako yote. Na yule ndugu asiye na karatasi anayekuomba umnunulie kwa jina lako, mkatalie bila kuona haya. Sheria iliyopitishwa Juni 2022, baada ya watoto 19 na walimu 2 kuuawa shuleni Uvalde, inamfunga mnunuzi wa namna hiyo hadi miaka 15.

Hodi

Hapa ndipo nina wasiwasi zaidi, kwa sababu ni mambo ya malezi, na malezi hayabadiliki kwa kusoma karatasi. Sisi wa Pwani hupiga hodi tukiwa tushafika barazani. Mlango uko wazi, tunaingia, tunaulizana hali, ndipo mwenye nyumba anatokea jikoni anajifuta mikono. Aprili 2023, mjini Kansas City, kijana wa miaka 16 alitumwa kuwachukua wadogo zake kwa rafiki, akapiga kengele ya nyumba siyo. Alipigwa risasi kichwani na mkononi. Alipona, alhamdulillahi, lakini kosa lake lote lilikuwa kubonyeza kengele.

Wengi wetu kule hupeleka chakula na vifurushi usiku. Piga simu kwanza ukiwa ndani ya gari. Bonyeza kengele, kisha rudi nyuma hatua kadhaa usimame penye mwanga, mikono ionekane. Usifungue mlango wa wavu, usikate njia uani kwa mtu, usizunguke nyuma. Ukiona namba ya nyumba haieleweki, ondoka. Na mama akija kukutembelea kutoka Mombasa, siku ya tatu atachukua sahani ya mahamri awapelekee majirani. Usimkataze, nenda naye.

Kisha watoto. Tangu 2020 bunduki ndiyo inayoua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19 Marekani kuliko jambo jingine lolote, ajali za magari zikiwemo. Binti yangu alipoalikwa mara ya kwanza kulala kwa rafiki yake, tulipokuwa tukiishi Columbus, nilikaa na simu mkononi nusu saa nzima. Kwetu mgeni haulizi kilichomo chumbani kwa mwenyeji. Mwishowe nikamwandikia mama wa yule mtoto: tumefurahi binti yetu kualikwa, na swali hili tunauliza kila nyumba, je, mna bunduki, na imefungiwa wapi? Alijibu upesi. Ipo, kwenye sefu, risasi zimewekwa kando, na funguo anazo mumewe. Akashukuru kuulizwa, akauliza na kwetu. Jamaa yangu mmoja alijibiwa kwamba iko kwenye droo lakini watoto wanajua wasiiguse. Mtoto wake hakwenda. Aliwaalika wale watoto wacheze kwake, na urafiki haukuvunjika.

Kuna jambo jingine tunalolizunguka kwa sababu ya aibu. Mwaka 2022 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Sisi tunazungumza wezi. Lakini ukimwona mwenzako mnayeishi naye amepoteza kazi, kesi yake ya makaratasi imekwama, hali chakula, halali usingizi, na nyumbani kuna bunduki, itoke nyumba hiyo leo, ikahifadhiwe kwingine kwa njia halali. Namba ya 988, ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua huko Marekani, hupigwa bure saa zote.

Kwingineko

Uingereza, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane Machi 1996, bastola zilipigwa marufuku kwa raia mwaka uliofuata. Wanaohama kutoka Marekani wajue kwamba kule hata dawa ya pilipili ya kupuliza, ile kopo ndogo ambayo dada zetu huning'iniza kwenye funguo, inahesabiwa na sheria kuwa silaha iliyokatazwa. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur Aprili mwaka huo huo, serikali ilinunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000. Walioko Ghuba wasibebe kabisa ukumbusho wowote wa risasi. Na jambia la harusi ulilorithi kwa babu, uliza shirika la ndege mapema, na lisikae kwenye mkoba wa mkononi.

Nyumba ya Bamburi

Shemeji yangu, baba wa yule kijana, anajenga Bamburi. Amesikia habari za vijana wenye mapanga Kisauni, na anasema akirudi atatafuta bastola. Tumebishana kwenye simu usiku mwingi.

Hoja yake si ya kijinga. Ananikumbusha magaidi walipovamia duka kubwa la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, jinsi raia wenye leseni walivyoingia na bastola zao kabla mambo hayajapangika, wakawatoa watu. Ni kweli, na waliookolewa wanaishi. Mimi namkumbusha Likoni. Agosti 13, 1997 kituo cha polisi kilivamiwa, maafisa sita wakauawa, bunduki zikaibwa, na majirani zetu wa bara wakakimbilia kanisa Katoliki na magodoro kichwani. Zile bunduki zilikuwa za serikali, ndani ya kituo, na askari wanazilinda. Nyumba ya mtu mmoja Bamburi, anayekuja mara moja kwa mwaka, italinda bastola vipi? Mwenye panga akijua iko ndani, ndiyo atakayoijia.

Akitaka, njia ipo. Katiba ya 2010 haikutaja haki ya bunduki, kwa hiyo huko ni kuomba. Anakwenda kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na inabidi aonyeshe sababu ya maana, cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai (DCI), afya ya akili, mafunzo, na mahali salama pa kuihifadhi. Leseni ya Texas haimpunguzii hatua hata moja. Na cheti cha bunduki kinaweza kurudiwa kukaguliwa: Desemba 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye bunduki ahakikiwe upya, hata waliokuwa nazo miaka mingi. Mtu anayekwambia "nipe pesa, nitakutolea wiki ijayo" anakuuzia kesi.

Kwa sasa pesa alizotenga zimenunua taa za jua kuzunguka ua, mlango wa chuma, na mshahara wa mlinzi wa usiku anayejulikana na mtaa. Mimi nimejiunga na kundi la nyumba kumi, la majirani wanaolindana, kwa niaba yake. Kwenye ramani ya nyumba bado kuna nafasi ya sefu ukutani, chumba cha kulala, na fundi ameshaiacha wazi. Nimemwomba shemeji asiijaze mpaka aje aishi hapa miezi sita, alale na kuamka, awajue majirani kwa majina, ndipo apeleke maombi kama bado anataka. Amekubali.