Kibali cha maadili: anza na fomu ya ridhaa

Andiko langu la utafiti wa uzamili lilirudishwa mara mbili na kamati ya maadili ya chuo, inayokagua kama utafiti hautawaumiza washiriki. Nilitaka kuzungumza na mabinti wa Kilosa, Tanzania, waliorudi shuleni baada ya kujifungua, kufuatia ruhusa iliyotolewa na serikali Novemba 2021. Msimamizi aliipenda mada, na mbinu hazikuwa na kasoro kubwa. Zilizonirudisha ni kurasa tatu za mwisho nilizozijaza usiku mmoja: fomu ya ridhaa (ambayo mshiriki anakubali au kukataa kuhojiwa), maelezo ya hatari na utunzaji wa siri. Siku hizi mwanafunzi akinijia, namwambia aanze na kurasa hizo, hata dodoso likiwa bado.

Fomu iandike kwa Kiswahili tangu neno la kwanza. Yangu niliitafsiri kutoka Kiingereza, ikatoka na "ushiriki wako ni wa hiari na unaweza kujiondoa bila athari hasi". Nikamsomea mama mdogo, anayeuza vitumbua. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa nikikataa, mwanangu atafukuzwa shule?" Jibu lilikuwemo, ila halikumfikia. Nikaandika upya: "Ukikataa, mtoto wako ataendelea kusoma kama kawaida. Sitamwambia mwalimu nani amekubali na nani amekataa." Hapo akaelewa. Tafuta na wewe mtu asiyejua lolote kuhusu utafiti wako, msomee, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake atafanyiwa nini. Akishindwa, rekebisha fomu.

Aliyesoma fomu ajue wewe ni nani, unatoka chuo gani, utamuuliza nini, kwa muda gani, na ampigie nani akiwa na malalamiko (weka namba ya kamati, si yako tu). Ruhusa ya kurekodi sauti iwe na saini yake ya pekee, maana wapo wanaokubali kuzungumza lakini hawataki kurekodiwa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi ambaye si mtu wako, ndipo aweke dole gumba.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama naye ana mtoto. Kamati itataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na juu yake kukubali kwa binti mwenyewe. Mama akisema ndiyo na binti akasema hapana, ni hapana.

Sehemu ya hatari ndiyo iliyonipa somo kubwa. Niliandika "hakuna hatari". Kamati ikauliza: binti akikuambia kwamba aliyempa mimba ni mwalimu wake, utafanya nini? Sikuwa na jibu. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30, nami nilikuwa nimeahidi siri isiyo na mpaka! Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, nikaenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nikawauliza taarifa kama hiyo inapokelewaje na binti analindwaje. Kisha nikaandika hatua kwa hatua: ninasimamisha mahojiano lini, ninampigia nani, binti anakaa na nani siku hiyo. Kwenye fomu nikaongeza: "Ukiniambia kwamba wewe au mtoto mwingine yuko hatarini, nitamweleza mtu wa kukusaidia, na wewe nitakuambia kwanza." Chini yake nikaweka 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Kwenye siri, kufuta jina hakutoshi. Kata ikiwa na sekondari moja, ukiandika "binti wa kidato cha pili mwenye mapacha", kila mtu sokoni anamjua. Mimi niliondoa kata, nikabadilisha maelezo ya familia, na orodha ya majina nikaitunza mbali na mahojiano. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Isome kabla hujaandika sehemu hii.

Mzunguko wa barua ni mrefu ila unaeleweka. Msimamizi, idara, kamati ya chuo. Utafiti wa afya unapita pia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Zanzibar wana utaratibu wao. Ukishapata kibali cha chuo, unakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, halmashauri, afisa elimu, mtendaji wa kata, mpaka kwa mkuu wa shule. Toa nakala nyingi, kila ofisi itabaki na yake. Ukitaka kuongeza swali ukiwa fildi, rudi kwanza kwa kamati.

Barua zote hizo zinakufungulia mlango wa shule tu. Binti akiitwa ofisini na mkuu wa shule kwa ajili yako, ataona ni amri. Niliomba tukutane nje ya shule, siku ya Jumamosi, na nauli nikaitoa mwanzoni kabla ya kusoma fomu, ili asidhani ananilipa kwa majibu. Binti wa tatu alisikiliza fomu yote, akakaa kimya kidogo, akasema hataki. Nikamshukuru. Akaondoka na nauli yake.