Dhambi, neema na wokovu: somo la jumuiya, hatua kwa hatua

Bwana Yesu asifiwe. Somo hili ni la ninyi mnaoongoza jumuiya za nyumba kwa nyumba, hasa wenzangu wa Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa, ambako ibada ya jioni huanza watu wakiwa na matope ya shamba miguuni na mama mwenye nyumba ameshabandika chai. Mmeomba njia ya kufundisha mambo haya matatu kwa jioni moja. Haitoshi, gawanyeni mara mbili. Ila msikate mkiwa kwenye dhambi, watu wakalala nayo wiki nzima. Kateni mkishafika msalabani.

Shida tuliyo nayo huku si kwamba watu hawajasikia. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wamisionari wa Kilutheri wa Berlin nao wakaanza upande wa Konde (nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa) mwaka huohuo, na leo kila kijiji kina kengele. Lakini muulize muumini wa siku nyingi mtu anaokokaje, utasikia: aache pombe, atoe zaka, asikose ibada. Yaani wokovu umegeuzwa kikoba: unaweka hisa zako kila wiki, unalipa faini ukichelewa, mwisho wa mzunguko Mungu anavunja sanduku na kukupa gawio. Mambo yenyewe ni mazuri yote. Yamepangwa kinyume tu, na kazi yako wewe kiongozi ni kurudisha mpangilio.

Hatua ya kwanza: fungueni Kutoka, si Mwanzo

Najua mmezoea kuanza na Adamu na tunda. Mtafika huko. Anzeni na Kutoka 20, na kabla hamjasoma amri hata moja, msomaji asome mstari wa pili peke yake: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Kisha uliza: hapa Waisraeli wako wapi, Misri au nje ya Misri?

Wako nje. Kutoka 19:1 inasema walifika Sinai mwezi wa tatu baada ya kutoka. Bahari wameshavuka, mana wameshakula, na njiani wamenung'unika vya kutosha. Ndipo wanapewa amri. Usiku ule wa Pasaka (sura ya 12) Mungu hakupita mlango kwa mlango akiuliza nani ameshika sabato. Aliangalia damu. Mzee mlevi aliyekaa ndani ya nyumba yenye damu mlangoni alitoka Misri sawasawa na jirani yake mcha Mungu. Sheria ikaja baadaye, kuwafundisha watu waliokwisha kukombolewa namna ya kuishi bila kurudi utumwani.

Kaeni hapa muda mrefu. Mtu akielewa kwamba hata Agano la Kale lina mpangilio huu, hatasema tena kwamba neema ni jambo jipya la Paulo.

Hatua ya pili: itajeni dhambi kwa majina ya hapa

Ukiuliza "dhambi ni nini", watakutajia ulevi na uzinzi, basi. Msaidie mtu aone zaidi. Lumbesa ni dhambi: mnunuzi anayemlazimisha mkulima wa viazi kujaza gunia mpaka lichongoke kama kilima, kisha akalipa bei ya gunia moja. Soma Amosi 8:4-6 uone nabii anavyowakaripia wafanyabiashara wa vipimo vya hila. Mkulima naye asicheke sana, maana kuna viazi vilivyooza hufichwa katikati ya gunia. Kumnyang'anya mjane shamba la marehemu ni dhambi. Kumsingizia bibi kizee uchawi kwa sababu macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni ni dhambi, tena ya damu.

Msigeuze kikao kuwa cha kutajana. Ukiona mtu anamtazama jirani yake, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: shukeni kwenye mzizi

Sasa ndiyo Mwanzo 3. Angalieni kwamba kabla tunda halijaliwa, kuna jambo limeshatokea: wameacha kumwamini Mungu, wamekubali neno la nyoka kwamba anawanyima kitu kizuri. Kitendo kilifuata. Baada yake wanajificha, na Adamu anamsukumia mkewe lawama, tena anamsukumia Mungu mwenyewe: "huyo mwanamke uliyenipa." Ndoa zetu zinaifahamu sauti hiyo.

Kwa hiyo dhambi ni zaidi ya makosa yaliyoandikwa kwenye daftari. Ni hali ya moyo uliompa Mungu kisogo. Marko 7:21 inasema mabaya yanatoka moyoni. Someni pia Zaburi 51, sala ya Daudi baada ya kuzini na Bathsheba: hakuomba nafasi ya kujirekebisha, aliomba aumbiwe moyo safi. Mtu huomba kuumbiwa kile asichoweza kujitengenezea. Warumi 3:23 inafunga mlango: "wote wamefanya dhambi, na kupungukiwa na utukufu wa Mungu." Wote, pamoja na anayefundisha.

Hatua ya nne: msalaba, bila haraka

Someni Isaya 53:4-6, kisha Warumi 5:6-10. Kwenye Warumi 5:8 mwambie kila mmoja asome kwa sauti: "Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Uliza alikufa lini. Hakusubiri tutubu kwanza, wala tupungue dhambi kidogo.

Hapo mtu makini atauliza: kama Mungu ni mwema, si angesamehe tu bila damu? Usimkemee, swali lake ni zuri. Uovu una gharama. Aliyedhulumiwa shamba hawezi kuambiwa "yamepita" halafu haki ikaishia hapo. Warumi 3:25-26 inasema pale msalabani Mungu anaonekana mwenye haki, na papo hapo ndiye anayempa haki mwenye kumwamini Yesu. Gharama ililipwa, na aliyelipa ni hakimu mwenyewe. Siku ya tatu akafufuka. Msisahau kulisema hilo, maana Paulo kwenye 1 Wakorintho 15:17 anasema bila ufufuo bado tumo katika dhambi zetu.

Hapa mnaweza kukata na kunywa chai.

Hatua ya tano: Waefeso 2, mstari wa 1 hadi wa 10, bila kuruka

Tumezoea kunyofoa mstari wa 8 na 9: "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Vizuri. Lakini anzeni na wa kwanza, unaosema tulikuwa wafu. Paulo hasemi wagonjwa. Mgonjwa anaweza kujikongoja mpaka zahanati, maiti haiwezi. Kisha malizieni wa 10: tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Matendo yapo, yamekaa nyuma ya neema.

Ugomvi wa jambo hili ni wa zamani. Mtawa Pelagio alifundisha kwamba mtu anaweza kutii kwa uwezo wake wa asili, askofu Augustino wa Afrika Kaskazini akampinga, na mtaguso (mkutano mkuu wa kanisa) wa Kartago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagio. Kwenye jumuiya zetu Pelagio bado anahudhuria.

Na imani? Angalieni isije ikageuzwa kuwa tendo lingine la kujivunia, "mimi nina imani kubwa". Imani ni mkono mtupu unaopokea. Kutubu ni kugeuka na kurudi, nako tunasaidiwa na Roho Mtakatifu.

Hatua ya sita: wokovu wa jana, leo na kesho

Fupi tu. Waefeso 2:8: tumeokolewa. 1 Wakorintho 1:18: tunaookolewa. Warumi 13:11: wokovu wetu u karibu kuliko tulipoanza kuamini. Ya kwanza ni kuhesabiwa haki, yaani kukubaliwa na Mungu kwa ajili ya Kristo, ya pili ni kutakaswa siku kwa siku, ya tatu ni siku ile mauti itakapokwisha. Anayesema "nimeokoka" hakosei, na anayesema "naendelea kuokolewa" hakosei pia. Mkiyaweka haya matatu mezani, mabishano mengi ya Walutheri na walokole yatapungua makali.

Maswali ya washiriki

Kijana wa Uyole: Shikamoo mwalimu. Kama neema ni bure, si watu watafanya watakavyo?

Marahaba. Paulo aliulizwa hilohilo, akajibu "Hasha!" (Warumi 6:1-2). Aliyetolewa Misri haendi tena kufyatua matofali ya Farao kwa sababu tu kutoka kulikuwa bure. Tito 2:11-12 inasema neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya.

Mama wa Makambako: Mwalimu, nimeambiwa nina laana ya ukoo, ndiyo maana binti zangu hawaolewi. Natakiwa kutoa pesa ya sadaka maalumu ili nifunguliwe.

Pole sana, mama. Usitoe. Najua wanakusomea Kutoka 20:5, maovu ya baba hata kizazi cha tatu na cha nne. Usiishie hapo, soma mstari wa 6 unaotaja rehema kwa maelfu elfu, kisha nenda Ezekieli 18 yote. Watu wa wakati ule walikuwa na methali kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu akawakataza kuisema tena: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Ni kweli tabia za nyumbani hurithiwa, kama ulevi na ukali, na zinahitaji maombi na malezi. Lakini hatia ya babu yako haiko juu yako. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Na anayekutoza pesa, jibu lake liko Matendo 8:20, Petro akimwambia Simoni mchawi: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Halafu, mama, binti asiyeolewa si binti aliyelaaniwa. Paulo mwenyewe hakuwa na mke.

Mnunuzi wa viazi, Njombe: Nimetubu biashara ya lumbesa. Mungu amenisamehe. Je, nina deni kwa wakulima?

Umesamehewa, na deni unalo. Soma Luka 19. Mstari wa 5 Yesu anamwambia Zakayo kwamba leo atakuwa mgeni wake. Mstari wa 8 ndipo Zakayo anasema atarudisha mara nne. Hakurudisha ili Yesu aje, alirudisha kwa sababu Yesu ameshakuja. Wewe nawe unaowakumbuka, warudishie. Usiowakumbuka, wape maskini wa kijiji kile. Na msimu huu pima kwa mizani, hata kama wenzako watakucheka.

Mwanakwaya, Iringa: Mume wangu aliokoka. Mvua zikaanza, ulanzi (pombe ya mianzi) ukajaa, amerudi kulekule. Amepoteza wokovu?

Dada yangu, makanisa hayajibu sawa. Wapo wanaofundisha kwamba aliyeokoka kweli hapotei, wakishika Yohana 10:28. Wapo wanaofundisha kwamba mtu anaweza kuiacha imani, wakishika Waebrania 6. Mimi nafuata hao wa pili, lakini nakuomba usimhukumu mume wako kwa anguko la msimu mmoja. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja, akarudishwa. Usimfiche wala usimtangaze. Mwite mchungaji, na kama mikono yake inatetemeka asubuhi asipokunywa, mpelekeni hospitali. Mwili uliozoea pombe unahitaji daktari pamoja na maombi, na kuiacha ghafla kunaweza kuwa hatari.

Mzee wa kanisa, Tukuyu: Mbona Yakobo 2:24 inasema mtu ahesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake?

Paulo anapigana na anayejivunia matendo. Yakobo anapigana na anayemwambia ndugu asiye na chakula "enendeni zenu kwa amani" na kufunga mlango (mstari wa 15-16). Wote wawili wanamtaja Abrahamu, na Abrahamu alihesabiwa haki Mwanzo 15, akamtoa Isaka Mwanzo 22. Hesabu sura, mzee wangu.

Mkatoliki wa Tosamaganga: Nahudhuria kwa mke wangu Mlutheri. Kwenye jambo hili tunatofautiana kweli?

Kwa kiasi kidogo kuliko zamani. Mwaka 1547 mtaguso wa Trento uliyapinga mafundisho ya Luther kwa maneno makali, na yeye alikuwa ameshayasema yake kwa ukali uleule. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, nasi tunapokea Roho anayetuwezesha kutenda mema. Wamethodisti wakaungana nalo mwaka 2006. Tofauti zimebaki, juu ya purgatori (toharani) na nafasi ya stahili kwa mfano. Waefeso 2 mnaweza kuisoma pamoja mezani bila kugombana.

Kiongozi wa jumuiya, Busokelo: Bibi zetu Kiswahili cha Warumi kinawashinda. Tufanyeje?

Wasomeeni Kinyakyusa, na badala ya Warumi tumieni Luka 18:9-14, Farisayo na mtoza ushuru. Msomaji asome mara mbili, bibi mmoja asimulie upya kwa maneno yake, wengine wamsahihishe. Mwulize mwishoni nani alirudi nyumbani amehesabiwa haki, na kwa sababu gani. Akijibu "yule aliyejipiga kifua", mwombe aeleze zaidi, maana wengine hudhani kujipiga kifua ndiko kulikomwokoa.