Kuhama mitandao bila kupoteza jina, wafuasi wala sura yako

Laini yangu ya kwanza ya simu niliiacha bila salio miezi mingi nikiwa safarini. Ikafungwa, namba ikapewa mtu mwingine. Bahati mbaya akaunti niliyokuwa naonyeshea michoro yangu ilikuwa imefungamana na namba hiyo hiyo. Siku niliyolazimika kuingia upya, msimbo wa kuthibitisha ulikwenda kwa mwenye laini mpya. Niliwaandikia wenye mtandao mara nyingi, sikupata jibu la mtu hata mmoja. Wateja walionijua kwa jina lile waliendelea kuniandikia kwenye sanduku nisiloweza kulifungua.

Kosa langu halikuwa kusahau salio tu. Nilikuwa nimejenga jina langu kwenye kiwanja cha watu. Leo nikimsaidia mchoraji, fundi cherehani au mwanamuziki hapa Mombasa kuingia mtandaoni, naanza na jina analolimiliki mwenyewe, kisha mitandao inafuata. Utaratibu wenyewe ni huu hapa chini. Tenga siku mbili: ya kwanza ya kazi, ya pili ya kusubiri mabadiliko yasambae mtandaoni na kurekebisha.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho

Chukua karatasi, andika kila akaunti uliyonayo, na mbele yake barua pepe na namba ya simu inayoifungua. Akaunti yoyote inayofunguka kwa namba ya simu pekee, iongezee barua pepe leo. Isiwe barua pepe ya kazini wala ya chuo, kwa sababu siku ukiondoka nayo inaondoka.

Papo hapo amua ni akaunti zipi zitaunganishwa na zipi zitabaki peke yake. Hatua zinazofuata zinamwezesha mtu yeyote kuona kwamba huyu wa hapa ndiye yule wa pale. Kwa fundi anayetafuta wateja hiyo ni faida. Kwa dada anayeandika mambo asiyotaka jamaa zake wayasome, au kwa mtu anayefichua uovu wa mkubwa wake, inaweza kuwa hatari. Akaunti ya namna hiyo ipe barua pepe yake, picha yake na jina lake, na usiiguse tena katika kazi hii.

Hatua ya 2: Sajili kikoa kwa jina lako

Kikoa ni ile anwani inayoishia na .com, .co.ke, .co.tz na kadhalika. Za Kenya zinasimamiwa na KENIC, za Tanzania na sajili ya .tz, nawe unanunua kupitia wasajili walioidhinishwa. Kwa mtu binafsi zipo pia .me.ke na .me.tz. Chagua jina ambalo ukilitaja kwenye simu yenye kelele, anayekusikiliza ataliandika sawa: fupi, bila vistari, bila tarakimu.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mara nyingi mtu anampa fundi wa tovuti pesa, fundi ananunua kikoa kwa akaunti yake mwenyewe, na mambo yanakwenda vizuri mpaka siku wanapogombana au fundi anapobadilisha namba. Mwenye kikoa ni yule aliyeandikwa kwa msajili. Aliyetoa pesa hahesabiwi. Kwa hiyo fungua akaunti ya msajili wewe mwenyewe, kwa barua pepe yako, kisha mpe fundi ruhusa ya kufanya kazi. Kama kikoa kimeshasajiliwa kwa jina la mwingine, dai kihamishwe sasa, mkiwa bado mnaelewana.

Uliza bei ya kulipia mwaka wa pili kabla ya kulipa wa kwanza. Wasajili wengi huteremsha ya mwanzo tu. Washa malipo ya kujirudia, na juu ya hayo weka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla. Uliza pia kama jina na anwani yako vitaonekana na watu wote kwenye daftari la usajili, na kama vinaweza kufichwa.

Jambo jingine dogo lenye uzito: barua pepe ya kufungulia akaunti ya msajili isiwe kwenye kikoa hicho hicho. Kikoa kikilala, barua pepe nayo inalala, na ujumbe wa kukuokoa haufiki.

Hatua ya 3: Ukurasa mmoja tu

Huhitaji tovuti kubwa. Ukurasa wenye jina lako, picha, mistari miwili ya unachofanya na viungo vya akaunti zako unatosha. GitHub Pages, huduma ya kuhifadhi kurasa za tovuti, inakuwekea bure, na unaweza kuuelekezea kikoa chako. Hakikisha unafunguka kwa https.

Kila kiungo cha akaunti yako kiandike hivi:

<a rel="me" href="https://mastodon.social/@jinalako">Mastodon</a>

Maneno rel="me" yanaiambia mashine kwamba aliyeko upande wa pili wa kiungo ni mimi huyu huyu. Wazo la anwani ya tovuti kuwa kitambulisho si geni. Mwaka 2005 Brad Fitzpatrick, mwanzilishi wa LiveJournal, alitoa OpenID, iliyomwezesha mtu kuingia tovuti nyingi kwa anwani moja ya kwake. Baadaye vitufe vya kuingia kwa Facebook au Google vikachukua nafasi hiyo, na kitambulisho kikarudi mikononi mwa kampuni. Mimi bado naamini wazo la kwanza lilikuwa sahihi.

Hatua ya 4: Fanya kikoa kiwe jina lako Bluesky

Bluesky, mtandao wa kijamii uliofunguliwa kwa watu wote Februari 2024, hutenganisha vitu viwili: jina linaloonekana, na namba ya kudumu inayoanza na did:plc: ambayo haibadiliki hata ukibadilisha jina mara kumi. Wafuasi wako wamefungwa kwenye namba, si kwenye jina. Ndiyo maana unaweza kuliacha jina la bsky.social ulilopewa na mtandao ukavaa kikoa chako bila kumpoteza hata mfuasi mmoja.

Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, gusa Handle (jina la akaunti), kisha chagua kwamba una kikoa chako. Utaonyeshwa maandishi ya kunakili. Nenda kwa msajili, kwenye rekodi za DNS (daftari linaloelekeza kikoa chako), ongeza rekodi mpya:

Aina: TXT
Jina: _atproto
Thamani: did=did:plc:(herufi zako)

Makosa ninayokutana nayo karibu kila mara ni mawili. La kwanza, mtu anaandika _atproto.jinalako.me.ke kwenye sehemu ya jina, na paneli (ukurasa wa msajili wa kuhariri rekodi) inaongeza kikoa tena mwishoni, rekodi ikakaa mahali ambapo hakuna atakayeitafuta. Andika _atproto peke yake, hifadhi, kisha tazama paneli imeionyesha vipi. La pili ni kuacha neno did= la mwanzo kwa kudhani limejirudia. Halijajirudia, linahitajika.

Ukitaka kuhakikisha, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta) uandike:

dig TXT _atproto.jinalako.me.ke

Ukiona namba yako, rudi Bluesky ubonyeze kuthibitisha. Usipoiona, subiri. Wakati mwingine ni dakika chache, wakati mwingine ni hadi kesho yake. Usifute na kuandika upya kila baada ya dakika tano, unajiongezea kungoja.

Kama msajili wako hana sehemu ya DNS inayoeleweka, iko njia ya pili: weka kwenye tovuti yako faili iitwayo atproto-did ndani ya folda .well-known, na ndani yake andika namba ya did peke yake, safari hii bila did= mbele. Kwenye GitHub Pages ongeza pia faili tupu iitwayo .nojekyll, la sivyo folda inayoanza na nukta itarukwa, nawe utashinda siku nzima ukitafuta kosa.

Kikoa kikiisha muda, Bluesky itaonyesha kwamba jina lako si halali, lakini akaunti na wafuasi vitabaki. Pia mara kwa mara pakua nakala ya akaunti kutoka mipangilio hiyo hiyo. Inakuja kama faili ya CAR yenye machapisho yako, ila picha hazimo. Picha zako zitunze wewe.

Hatua ya 5: Mastodon, na namna ya kuhama seva

Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, si tovuti moja. Ni mtandao wa kijamii wenye seva (kompyuta zinazohifadhi akaunti) nyingi zinazozungumza kwa lugha moja iitwayo ActivityPub. Hariri wasifu wako, weka anwani ya ukurasa wako kwenye moja ya sehemu za ziada, hifadhi. Kwa kuwa ukurasa nao unarudisha kiungo chenye rel="me", anwani itageuka kijani. Hakuna ada wala kuomba alama kwa mtu.

Siku ukitaka kuhamia seva nyingine, fuata mpangilio huu bila kuugeuza. Kwanza, kwenye akaunti mpya, tangaza kwamba ile ya zamani ni yako. Kisha, kwenye ya zamani, pakua faili za CSV (orodha) za unaowafuata, uliowazuia na uliowanyamazisha, uzipandishe kwenye ile mpya. Mwisho, ukiwa bado kwenye ya zamani, amuru kuhama. Wafuasi watahamishwa wenyewe. Machapisho hayahami, yanabaki kule. Ukishahama, huwezi kuhama tena mpaka siku 30 zipite.

Yote haya yanataka seva ya zamani iwe bado hai. Msimamizi akitangaza kwamba anaifunga, hama wiki hiyo hiyo.

Unaweza pia kuwafanya watu wakutafute kwa kikoa chako badala ya jina la seva. Fungua kwenye kivinjari:

https://mastodon.social/.well-known/webfinger?resource=acct:jinalako@mastodon.social

Maandishi yanayotokea yahifadhi kwenye tovuti yako kama .well-known/webfinger. Mtu akitafuta @jinalako@jinalako.me.ke atakufikia. Jina litakaloonekana bado ni la seva, lakini ukihama unabadilisha faili hiyo tu, na kadi zako za biashara zinabaki sahihi.

Hatua ya 6: Mitandao iliyofungwa

Facebook, Instagram, TikTok na X haziruhusu ubebe wafuasi kwenda kwingine. Weka kikoa chako kwenye wasifu, tumia jina lile lile kila mahali, na upakue data zako angalau mara moja kwa mwaka. Walioko Kenya wajue kwamba kifungu cha 38 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kupewa data zako kwa muundo unaosomeka na mashine, na anayezishikilia ana siku 30 za kukujibu.

Hatua ya 7: Avata inayovuka malimwengu

Avata ni mwili wa kuchorwa unaouvaa ndani ya malimwengu ya mtandaoni. Microsoft iliifunga AltspaceVR, mojawapo ya malimwengu hayo, Machi 2023, na avata walizojitengenezea watu humo zikafungwa nayo. Mozilla Hubs nayo ilifungwa Mei 2024, lakini aliyekuwa ameingiza avata kama faili ya GLB (faili ya umbo la 3D) aliondoka na faili yake. Ukianza kujitengenezea mwili wa mtandaoni, uliza kwanza: nitapewa faili?

Muundo wa faili ya avata ninaoupendekeza ni VRM, uliotangazwa Japani na kampuni ya Dwango mwaka 2018. Umejengwa juu ya glTF, muundo wa maumbo ya 3D, na ndani yake mnakaa mwili, mifupa, mikunjo ya uso, jina la mtunzi na masharti yake: nani anaruhusiwa kuivaa avata, biashara inaruhusiwa au la. Jaza masharti hayo kwa makini, kwa sababu yanasafiri na faili.

Pakua VRoid Studio ya pixiv, programu ya kutengenezea avata; ni bure. Niseme wazi kwamba imetengenezwa kwa mtindo wa katuni za Kijapani. Rangi ya ngozi utaipata bila shida, pua na midomo utaivuta mpaka ifanane, lakini nywele za kipilipili na misuko zinachosha. Mimi huacha kichwa bila nywele, kisha nikazitengeneza kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D, kwa nyongeza yake ya VRM. Mavazi ni rahisi zaidi. Chukua gauni lililomo, toa picha ya kitambaa chake, uichore upya, uirudishe. Mteja wangu mmoja anazunguka kwenye malimwengu hayo na leso yenye jina lake kamili, herufi zinasomeka pindoni. Alisisitiza zisomeke, na alikuwa na haki.

Unapotoa faili, punguza poligoni (vipande vidogo vinavyounda umbo), materiali (aina za rangi na mng'ao wa juu yake) na ukubwa wa picha. Toa mbili: kubwa ya kompyuta na ndogo ya simu. Ulimwengu wa Cluster wa Japani unapokea VRM moja kwa moja. VRChat inataka upitie Unity (programu ya kutengenezea michezo), ugeuze faili kwa programu-jalizi, na kwa upande wa Android avata isizidi MB 10. Lenga pembetatu 10,000 hivi. Akaunti mpya ya VRChat hairuhusiwi kupakia avata mpaka uwe umetumia muda humo, kwa hiyo ifungue mapema. Roblox na Second Life zina mifumo yao, na vitu unavyonunua humo vinabaki humo. Nunua ukijua hivyo.

Faili ya VRM na ile ya mradi wa VRoid zihifadhi zote mbili. Ya kwanza ni ya kuvaa, ya pili ni ya kushonea upya.

Hatua ya 8: Funguo kwenye karatasi

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa msajili wa kikoa kabla ya mahali pengine popote, na utumie programu ya misimbo badala ya SMS. Misimbo ya dharura iandike kwa mkono, nakala mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwa mtu unayemwamini. Juu ya karatasi andika jina la msajili, tarehe ya kulipia kikoa na mahali nakala za faili zilipo. Kisha chukua simu ambayo hujawahi kuitumia, jaribu kuingia kwa kutumia karatasi hiyo peke yake, na kila utakapokwama paandike.