Namna ya Kumpokea Mtoto wa Mbwa Mwoga Kutoka kwa Mlezi wa Muda

Kazi ya kumpokea mtoto wa mbwa aliyeokolewa, hasa yule mwenye hofu, huanza nyumbani kwa mlezi wa muda, yaani mtu anayemtunza kwake hadi apate nyumba ya kudumu, siku kadhaa kabla hajavuka kizingiti chako. Mlezi huyo ndiye aliyemwona akitetemeka pembeni, ndiye anayejua sauti inayomtoa mafichoni, na ukiondoka bila kumhoji kwa utulivu utalazimika kuyagundua hayo yote upya, kwa gharama ya mnyama mwenyewe.

Uliza anakula nini na mara ngapi, analala wapi, na anaogopa nini hasa: wanaume, ufagio, mlango unaobamizwa, au mikono inayoshuka kutoka juu. Lakini swali ambalo mimi nalithamini kuliko yote ni hili: alipofika kwa mlezi, zilipita siku ngapi kabla hajakubali kula mbele ya mtu? Jibu lake litakupa picha ya yale yatakayotokea kwako, kwa sababu kuhamishwa tena humrudisha nyuma hata mtoto aliyekwisha kuzoea. Omba pia kumwona akiwa peke yake. Watoto wa mbwa wengi waoga huonekana jasiri kwa kuwa wanamfuata mbwa mwingine wa nyumba hiyo, na wakitenganishwa naye hujikunyata. Mtoto wa namna hiyo hufaa zaidi kwenye nyumba ambayo tayari ina mbwa mkubwa mtulivu. Ikiwa nyumba yako ina kelele nyingi au watoto wadogo, mweleze mlezi ukweli, hata kama ukweli huo utakukosesha mtoto uliyempenda.

Zingatia umri wake. Kipindi ambacho ubongo wa mbwa huyapokea mambo mapya kwa urahisi zaidi huanza karibu wiki ya 3 na kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Aliyekipitisha kipindi hicho bila kushikwa na binadamu bado anaweza kujifunza kuwaamini watu, ila atahitaji miezi, na huenda daima akabaki mwenye tahadhari mbele ya wageni. Mpokee ukiwa umeyakubali hayo.

Andaa kona tulivu isiyo njia ya watu, uweke kizimba kilicho wazi mlangoni na kufunikwa kitambaa juu, na ndani yake tandiko lenye harufu ya nyumba ya mlezi. Ziba uvungu wa kitanda na nafasi nyingine ambazo usingeweza kumfikia bila kumvuta, kwani kumvuta mnyama mwenye hofu kutoka mafichoni humfundisha kwamba hata maficho si salama. Endelea na chakula kilekile alichozoea kwa wiki ya kwanza, kisha uchanganye kipya kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 au zaidi.

Hatari kubwa ya siku za mwanzo ni kutoroka. Mfunge mshipi wa kifuani unaombana vizuri, pamoja na ukanda wa shingoni wenye namba yako ya simu, na umshikilie kamba kabla mlango wa gari au wa nyumba haujafunguliwa, hata kama ua wako umezungushiwa uzio. Mtoto mwoga akitoroka haitikii wito, na akifukuzwa hukimbia zaidi. Kaa chini, weka chakula, na umwite mlezi ambaye sauti yake anaijua.

Ndani ya nyumba, mwachie yeye uamuzi wa umbali. Kaa sakafuni ukiwa umempa ubavu, usimkazie macho, na urushe vipande vidogo vya chakula nyuma yake badala ya kumvuta navyo mkononi. Hivyo anapata chakula kwa kurudi nyuma, mwili wake unalegea, na mara nyingi atageuka mwenyewe na kusogea. Akikaribia, mguse kidevuni au kifuani kwa sekunde 3, kisha uondoe mkono na usubiri: akisogea tena ameomba, akigeuza kichwa amekataa, na kukataa kwake kuheshimiwe.

Wapo wanaosema kwamba ukimfariji mbwa mwenye hofu utaizidisha hofu yake. Si kweli. Akikujia akitetemeka, mpokee. Kinachoizidisha ni kumlazimisha akabiliane na kinachomtisha, au kumkaripia anapounguruma, maana mngurumo ni onyo, na mbwa aliyenyang'anywa onyo hubaki na kuuma. Jifunze kuziona ishara zinazotangulia: kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho kuonekana pembeni, mkia kubanwa kati ya miguu. Ikiwa anaogopa ufagio, uonekane kwanza kwa mbali, kisha ndipo kipande cha nyama kifuate. Akikikataa chakula anachokipenda, ujue umeukaribiza mno.

Haja ndogo ndani ya nyumba isikusumbue. Mtoe nje kila anapoamka na kila baada ya kula, usafishe palipochafuka, usimwadhibu.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema ukiwa na kumbukumbu za chanjo na dawa za minyoo, kwa kuwa maumivu pia huweza kuonekana kama woga. Chanjo za awali hurudiwa hadi afikishe wiki 16 au zaidi. Kabla hazijakamilika, mwonyeshe dunia ukiwa umembeba, asikanyage mahali wanapopita mbwa usiowajua, kwani kirusi cha parvo, kinachowaletea watoto wa mbwa ugonjwa hatari wa kutapika na kuharisha, hudumu muda mrefu ardhini. Kutokula usiku wa kwanza ni kawaida, lakini siku nzima bila chakula, kutapika au kuharisha ni sababu ya kumwona daktari siku hiyohiyo.

Kila jioni andika katika daftari alikula wapi, alikaribia umbali gani, na nini kilimshtua, kisha umtumie mlezi maelezo hayo kwa wiki kadhaa. Yeye ndiye anayeweza kukwambia kama siku 9 za kujificha ni kawaida ya mtoto huyu, au kama wakati umefika wa kutafuta mkufunzi anayefundisha kwa kumtuza mbwa, si kwa kumwadhibu.