Kabla hujaunga bomba: tepu, katani au wosha?

Jamani, kabla hujakimbilia soko la Majengo hapa Dodoma kununua thredi tepu (ile tepu nyeupe ya kuzungushia bomba) ya bei chee, kwanza jua unaunga nini na nini. Kama ni chuma kwa chuma, yale mabomba ya GI, katani na pesti yake bado ndo mwamba, maana ikilowa inavimba na kuziba mapengo, ila zikwangue kidogo reki (ile mikato ya kufungia kwenye bomba) kwa msumeno katani isije ikateleza. Kwenye plastiki tumia tepu tu. Katani ukiijaza kwenye soketi ya plastiki alafu ukakaza na spana ya bomba inapasuka, nimeiona moja mtaa wa Ipagala imechanika ubavuni kama muwa. Ile gundi ya kuzibia reki inayouzwa kwenye chupa ni ya chuma tu, kwenye plastiki haikauki vizuri na plastiki zingine inazila.

Afu kuna maungio hayataki tepu kabisa. Konekta ya tenki, yunioni, hozi ya sinki, hapo kinachozuia maji ni wosha (kile kipete cha mpira) sio reki. Mi nilizungushia konekta karibu nusu roli, ikadondosha vilevile usiku kucha, kuja kufungua wosha imepigwa na jua la Dodoma mpaka imekua ngumu kama ukoko, nikaweka mpya bila tepu ikatulia.

Ukizungusha tepu, mdomo wa bomba ukuangalie we, zungusha kufata mshale wa saa huku unaivuta, ukienda kinyume inajikunja ukikaza. Ruka reki ya kwanza ili vipande visiingie ndani vikaja kuziba koki. Nusu inchi mizunguko 5 hivi, ila hizi tepu nyepesi za siku hizi ongeza, ukiona reki bado zinang'aa chini yake ujue haijatosha. Na ukishakaza usirudishe nyuma ati koki ikae sawa na ukuta, hapo ushaharibu, fungua, toa tepu yote na brashi ya waya, anza upya.

Gesi ni habari nyingine, usiipelekee tepu ya maji.

Cha mwisho ni muda. Kama kwenu kuna mgao wa maji usifungue kitu kama tenki halina akiba. Maji yakirudi, mara nyingi usiku na presha imepanda, pitisha tishu kavu kwenye kila ungio, mkono haujui tone dogo ila tishu inalowa palepale.