Somo: Viunganishi vya mwanzo vya Kicheki kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Wengi wenu mnajiandaa kwenda kusoma Jamhuri ya Cheki, kwa kuwa vyuo vikuu vya umma kule havitozi ada ya masomo kwa anayesoma kwa Kicheki, hata akiwa mgeni. Kwa hiyo lugha lazima ishikwe barabara. Leo tuanze na viunganishi. Ukikariri orodha ya neno kwa neno utapotea mapema, maana kazi nyingi ambazo Kicheki huzifanya kwa kiunganishi, sisi huzifanya ndani ya kitenzi.

Hatua ya kwanza: yale mepesi

*A* ni "na", *nebo* ni "au", *ale* ni "lakini".

Piju čaj a čtu. (Nakunywa chai na kusoma.)
Chceš čaj nebo kávu? (Unataka chai au kahawa?)
Byt je malý, ale teplý. (Nyumba ni ndogo, lakini ina joto.)

Kabla ya *ale* weka mkato daima. Kabla ya *a* ya kujumlisha tu, usiweke.

Angalizo kubwa liko kwenye "na" yetu. Sisi tunasema "mimi na dada" na pia "nilikwenda na dada". Kicheki hutenganisha: ya kwanza ni *a*, ya pili ni *s*, yaani kuwa pamoja na mtu au kitu. *Čaj a mléko* ni vinywaji viwili. *Čaj s mlékem* ni chai ya maziwa.

Ongeza *ani*, ambayo ni "wala" yetu kabisa: Nemám čas ani peníze. (Sina wakati wala pesa.) Kitenzi kinakanushwa kama kwetu, kwa hiyo hapa msihangaike.

Hatua ya pili: sababu na "kwamba"

Nepřijdu, protože jsem nemocný. (Sitakuja kwa sababu naumwa.)
Jsem nemocný, takže nepřijdu. (Naumwa, kwa hiyo sitakuja.)
Myslím, že prší. (Nadhani mvua inanyesha.)

Tazama mfano wa mwisho. Kwa Kiswahili nimeacha "kwamba" na hakuna aliyeshtuka. Kicheki hakikuruhusu kuacha *že*, na mkato wake uko palepale.

Hatua ya tatu: *když* na *až*

Hapa naomba mtulie. *Když* (hutamkwa karibu na "gdish") na *až* ("ash") zote vitabu huzitafsiri "wakati". Sahau tafsiri hiyo, tazama kitenzi chako cha Kiswahili.

Ukisema nilipofika, tumia *když*: Když jsem přijel do Brna, sněžilo. (Nilipofika Brno, theluji ilikuwa ikianguka.)

Ukisema nikifika, na una hakika utafika, tumia *až*: Až přijedu do Brna, zavolám ti. (Nikifika Brno, nitakupigia simu.)

Nililipia somo hili mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia rafiki *když přijedu, zavolám*. Akaelewa "iwapo nitakuja", kama mtu ambaye bado hajaamua, akaenda zake kwao. Nikashuka stesheni usiku, kwenye baridi, sina mwenyeji. *Když* pamoja na wakati ujao huleta shaka ya "kama". *Až* huleta ahadi.

Hatua ya nne: *aby*

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tunasema "nataka uje", "nataka tuje": nafsi imekaa mwanzoni mwa kitenzi, na -e mwishoni inaonyesha matakwa. Kicheki hubebesha nafsi kiunganishi chenyewe, nacho kitenzi huchukua umbo la wakati uliopita ingawa jambo halijatokea.

Chci, abys přišel. (Nataka uje.)
Chci, abychom přišli. (Nataka tuje.)

Kariri kwa sauti: *abych, abys, aby, abychom, abyste, aby*. Ukiijua hiyo, "-nge-" nayo umeipata: *kdybych, kdybys, kdyby, kdybychom, kdybyste, kdyby*. Kdybych měl čas, přišel bych. (Ningekuwa na wakati, ningekuja.) Anayesema akiwa mwanamke: *měla, přišla*.

Maswali ya wanachama

*Dada, shikamoo. "Kama" ni ipi? Nimeona maneno matatu.*

Marahaba. Yapo matatu kweli. Ya kufananisha ni *jako*: silný jako lev, mwenye nguvu kama simba. Ya kutojua ni *jestli*: Nevím, jestli přijde, sijui kama atakuja. Ya jambo la kufikirika tu, ambalo kwetu lingechukua "-nge-", ni *kdyby*.

*Mbona umeandika "protože jsem nemocný" na si "protože nemocný jsem"?*

Swali zuri. Vijineno kama *jsem* na *se* hupenda nafasi ya pili katika kishazi. *Protože*, *že* na *když* huhesabiwa kuwa nafasi ya kwanza, kwa hiyo kijineno hufuata mara moja: Vím, že se učíš. Lakini *a* na *i* hazihesabiwi. Baada yake weka neno jingine kwanza: *a potom jsem šel domů*, kisha nikaenda nyumbani.

*Hiyo "i" ni "na" nyingine?*

Iko karibu na "naye" au "hata". Přišel i táta: baba naye alikuja.

*Mwalimu, nasikia watu wanasema "abysme". Nimekariri vibaya?*

Hapana, umekariri vizuri. *Abysme* utaisikia sana mitaani na hakuna atakayekucheka ukiisema. Kwenye mtihani andika *abychom*. Msiandike *aby jsme* kwa maneno mawili. Hata Wacheki wenyewe huliandika hivyo, na walimu wao huliwekea alama nyekundu.